Tochi Kwenye Shotgani: Dola 90, 150 au Zaidi?

Mmarekani anayeweka nyumbani shotgani ya Remington 870 au Mossberg 500 ana njia kuu mbili za kuifunga tochi. Ya kwanza ni kibano cha chuma kinachoshika tochi ya kawaida kwenye mrija wa risasi, chini ya mtutu. Ya pili ni kung'oa kishikio cha mbele, kile kinachovutwa wakati wa kukoki, na kuweka kingine chenye tochi ndani yake.

Tuchukue bei za mfano, na dola moja iwe Sh2,500 za Tanzania. Kibano dola 30, tochi ya kuchaji dola 60: jumla dola 90, yaani Sh225,000. Kishikio chenye tochi ni dola 150, au Sh375,000. Njia ya pili ni ghali zaidi kwa asilimia 67.

Lakini hesabu hiyo imeacha swichi. Tochi ya kibano hukaa mbele, na kitufe chake hakifikiki bila mkono kuachia kishikio. Swichi ya waya tuseme ni dola 40. Sasa ni 130 kwa 150. Tofauti imeshuka hadi asilimia 15. Na waya wenyewe unatoka kwenye tochi iliyotulia kwenda kwenye kishikio kinachokwenda mbele na nyuma kila unapokoki. Ukiukaza, utakatika. Ukiulegeza, utanasa. Hizo dola 20 mimi ningezilipa.

Betri ndizo zinazoyumbisha jumla. TL-Racker ya Streamlight, ambayo ni ya kishikio, hutumia betri mbili za CR123A, na muda wake uliotangazwa ni saa 1.5. Ukiiwasha dakika 5 kwa wiki, miaka mitano itakula betri 30 hivi. Kwa dola 2 kila moja ni dola 60, na jumla inafika 210. Ukiiwasha dakika moja tu, ni betri 6, dola 12, jumla 162. Saa 1.5 nazo zisomwe kwa uangalifu: kipimo cha ANSI FL1 huhesabu muda mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ule wa mwanzo.

Kandela za TL-Racker, yaani ukali wa mwanga katikati ya mwale, ni 20,000. Kwenye ukuta ulio mita 5 hiyo ni luksi 800, wakati ofisi nyingi huwekewa 500. Kulipia mwanga zaidi ya huo kwa matumizi ya sebuleni sioni faida yake.

Lililo zito ni hili: tochi ya bunduki humulika pale mtutu unapoelekea. Ili umtambue aliye gizani, huishia kumwelekezea silaha, hata akiwa mwanao aliyeamka kunywa maji. Kwa hiyo jumla yoyote iongezewe tochi ya mkononi. Ikiwa ya dola 20, ile 162 inakuwa 182, sawa na Sh455,000.