Kijana na Mgongo Uliopinda Upande

Skoliosisi ni kupinda kwa uti wa mgongo kwenda upande, huku pingili zenyewe zikijizungusha. Pembe yake hupimwa kwenye picha ya eksirei kwa njia iliyoelezwa mwaka 1948 na daktari wa mifupa wa Marekani, John Cobb, na hali hiyo huitwa skoliosisi pembe inapofikia nyuzi 10. Aina inayoonekana zaidi huanza kati ya miaka 10 na 18, nayo huwapata vijana wawili au watatu katika kila 100. Kupinda kidogo huwapata wasichana na wavulana karibu sawa. Kule kunakoendelea hadi kuhitaji tiba huwapata wasichana zaidi, tena kwa mbali.

Kwa kawaida huanza bila maumivu makali, ndiyo maana huchelewa kugunduliwa. Bega moja hupanda, kiuno huonekana kimeingia ndani upande mmoja, na kijana akiinama mbele ubavu mmoja huinuka kuliko mwenzake. Wakati mwingine wa kwanza kuliona jambo ni fundi cherehani, anapojaribisha sare mpya ya shule na kukuta pindo la sketi halikai sawa. Kugunduliwa hivyo, mbele ya kioo na watu, huacha alama. Kijana hujiona ghafla kwa macho ya wengine, katika umri ambao mwili wake tayari unabadilika kila uchao.

Kisha huja suala la jina. Mitaani kila mgongo usionyooka huitwa kibiongo, neno ambalo kwa haki yake ni la mgongo uliobenuka kwenda nyuma, wenye nundu. Kifua kikuu cha uti wa mgongo ni mojawapo ya visababishi vya nundu hiyo, na kwa hiyo anayeitwa kibiongo darasani huvishwa na hofu isiyo yake: wapo wanaodhani ugonjwa wake unaambukiza. Skoliosisi haiambukizi. Kijana anayeweza kuutaja ugonjwa wake kwa jina lake, na kuueleza kwa sentensi mbili tu, huwa amepata silaha ambayo kunyamaza hakuwezi kumpa.

Lawama nazo ni mzigo wa peke yake. Katika nyumba nyingi kijana huyu ameambiwa kwa miaka akae vizuri, anyooshe mgongo, aache kulalia upande mmoja. Jibu la daktari likija, maneno hayo hugeuka hukumu: angesikia, yasingetokea. Hukumu hiyo ni ya uongo. Mkoba mzito wa madaftari unaweza kuuchosha mgongo, lakini haupindishi. Hali kadhalika namna ya kuketi au kulala. Chanzo cha aina hii hakijajulikana, ingawa huonekana kufuata ukoo. Mzazi naye hujilaumu kwa kuchelewa kuona, na ndugu wengine hutafuta jicho la husuda. Kijana husikia mabishano hayo yote kutoka chumba cha pili. Hakuna faraja itakayoshika kabla lawama hizo hazijaondolewa wazi, kwa maneno, na mtu mzima anayeaminiwa nyumbani humo.

Kinachofuata hutegemea pembe na umri. Chini ya nyuzi 25 kwa kawaida hakuna kinachofanywa ila kungoja, na kupimwa tena kila baada ya miezi minne hadi sita mpaka urefu utakapokoma. Familia hupokea habari hiyo kwa nafuu, na kijana mara nyingi huipokea kwa wasiwasi, kwa kuwa kila eksirei ni kama mtihani usioweza kusomewa. Ieleweke kwamba majonzi hayapandi sambamba na nyuzi. Mwenye nyuzi 18 anaweza kukataa kwenda pwani na wenzake, na mwenye 40 akaendelea kucheza netiboli. Kumwambia wa kwanza kwamba tatizo lake ni dogo ni kumwambia kwamba hajasikika.

Pembe ikiwa kati ya nyuzi 25 na 45 hivi, na kijana bado anakua, daktari huagiza mkanda: gamba la plastiki ngumu linalobana kiwiliwili kuanzia karibu na kwapa hadi nyonga. Hapa ndipo kazi kubwa ya moyo ilipo. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2013 uliweka vipima joto ndani ya mikanda ili kujua ilivaliwa saa ngapi hasa. Kupinda kulibaki chini ya nyuzi 50 hadi kukua kulipokoma kwa asilimia 72 ya waliopewa mkanda, dhidi ya asilimia 48 ya waliofuatiliwa tu. Kwa waliouvaa kwa wastani wa karibu saa 13 au zaidi kwa siku, mafanikio yalipita asilimia 90. Tiba, basi, ni saa, na mwenye kuzitunza ni mtoto wa miaka 12 au 13.

Saa hizo ni ndefu kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa. Fulana nyembamba ya pamba isiyo na mishono mikubwa, ivaliwayo chini ya mkanda na kubadilishwa kila ikilowa jasho, huiokoa ngozi. Blauzi ya sare iliyoshonwa pana kidogo huokoa heshima. Dera na buibui husitiri vizuri, lakini hazizuii mtu anayemkumbatia asiguse kitu kigumu, na wasichana wengi huanza kukwepa kukumbatiwa. Bwenini, ambako kuoga na kuvaa hufanywa mbele ya wengine, siri haidumu wiki. Inafaa kumwambia rafiki mmoja mapema, kwa hiari, kuliko kugunduliwa na wote. Mkanda kwa kawaida huruhusiwa kuvuliwa wakati wa michezo, na ruhusa hiyo isipotezwe, maana uwanjani kijana hukumbuka kwamba mwili wake bado unaweza. Ratiba aliyoipanga mwenyewe pamoja na daktari ina nafasi nzuri ya kufuatwa kuliko amri ya mama ya kila jioni.

Pembe ikipita nyuzi 45 hadi 50, upasuaji wa kuunganisha pingili kwa vyuma na skrubu huzungumziwa. Hofu kubwa ni kupooza. Hatari hiyo ipo lakini ni ndogo, na kijana ana haki ya kuisikia kutoka kwa mpasuaji mwenyewe, si kwa minong'ono. Baada ya upasuaji huamka mrefu zaidi, akiwa na mgongo usiokunjika kama zamani na kovu refu. Wiki za kwanza machozi hutoka hata kwa anayefurahia matokeo. Binti mfalme Eugenie wa Uingereza, aliyepasuliwa akiwa na miaka 12, alichagua kuolewa mwaka 2018 kwa gauni lililoacha kovu lake wazi. Mfano kama huo husaidia kijana akiukuta mwenyewe. Ukitolewa na mtu mzima katikati ya machozi, husikika kama karipio.

Huzuni ikikaa wiki mbili na zaidi, kijana akiacha kula, kulala au kuonana na marafiki, au akitamka kwamba afadhali asingekuwepo, hilo si la kungojea kliniki ya mgongo. Utafiti wa Minnesota wa mwaka 1997, uliohusisha vijana zaidi ya 34,000, ulikuta mawazo ya kujiua mara nyingi zaidi kwa wenye skoliosisi. Apelekwe kwa mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili mara moja, wala asiachwe peke yake.

Swali linalobaki nyumbani, mara nyingi bila kutamkwa, ni kama ataolewa na kuzaa. Wanawake wengi wenye skoliosisi hushika mimba na kujifungua salama. Huko Iowa, watu ambao hawakutibiwa kabisa walifuatiliwa kwa miaka 50, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003: maumivu ya mgongo yaliwapata zaidi kuliko wenzao, na hawakuridhika sana na maumbile yao, lakini walifanya kazi, wakaoa na kuolewa, na sonona haikuwapata zaidi ya majirani wenye migongo iliyonyooka.