Taa za Rangi Ukumbini: Uso wa Bi Harusi Kwanza

Ukumbi ambao familia nyingi zetu huumudu Uingereza au Marekani ni ule wa shule au wa jumuiya: kuta nyeupe, viti vya plastiki na taa ndefu za mirija juu. Kuufunika kwa vitambaa na maua ni gharama kubwa, na wenye ukumbi wengi hawaruhusu kupigilia hata msumari mmoja. Ndiyo maana taa za rangi zimependwa. Haziharibu ukuta, na ukuta mweupe hupokea rangi yoyote.

Zinazotumika zaidi ni taa ndogo za LED zinazowekwa sakafuni na kuelekezwa juu, sentimita 20 au 30 kutoka ukutani. Ukumbi wa mita 20 kwa 12 unahitaji kama taa 20, zikiachana mita tatu hivi. Umeme wake ni mdogo. Taa 20 za wati 18 ni wati 360 tu, wakati taa moja ya jukwaani ya zamani ilikula wati 500 au hata 1,000. Soketi ya Uingereza hubeba wati 3,000 hivi. Ya kawaida Marekani 1,800, na si vizuri kuifikisha huko kwa muda mrefu. Mara nyingi kinachokata umeme ni birika kubwa la chai na vyombo vya kupashia biriani vilivyochomekwa pamoja na muziki na taa. Wapishi wapewe soketi zao. Na waya wa kuongezea ulioviringwa kwenye gurudumu ufunguliwe wote, maana ukibaki umeviringwa hupata moto.

Wengi husahau jua. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, na hesabu hiyo tumekuja nayo huku. London katikati ya Juni huzama saa 3 na dakika 20 usiku. Sherehe ikianza saa 11 jioni, mtakula, mtakata keki na kutoa zawadi kabla rangi hazijaonekana ukutani, na fedha ya taa imekwenda. Harusi ya kiangazi inataka mapazia mazito kwanza, au taa chache karibu na jukwaa tu. Ya Desemba haina shida hiyo: kufikia saa 11 jioni nje ni giza.

Sasa ngozi, na hapa ndipo mimi huwa mkali. Wapambaji wengi wa huku huchagua rangi kwa kutazama ukuta, hawamtazami mtu. Ngozi ya maji ya kunde au nyeusi hurudisha zaidi mwanga mwekundu na wa manjano. Ukiimulika kwa buluu, ule wekundu na udhahabu wake hupotea na bi harusi huonekana kama amepakwa majivu. Kijani ni mbaya zaidi, humfanya kama mgonjwa. Rangi ya asali na waridi jepesi humpendeza karibu kila mtu. Mkitaka buluu au zambarau, sawa, iishie ukutani nyuma. Mbele ya maharusi ziwekwe taa mbili za nyeupe ya joto, kulia na kushoto, juu kidogo ya vichwa. Ulizeni pia kama taa ina balbu yake ya nyeupe au ya asali. Zile za bei rahisi hupata nyeupe kwa kuchanganya nyekundu, kijani na buluu, na hutoka ya baridi, imeelemea buluu.

Nguo nazo hubadilika. Kitambaa cha dhahabu chini ya buluu hufifia, cha kijani chini ya nyekundu hukaribia weusi. Nendeni kwa mkodishaji na kipande cha nguo mkononi.

Haya yote ni kwa ajili ya waliopo, lakini harusi ya ughaibuni ina wageni wengine. Bibi aliyeko Tanga na mjomba aliyenyimwa viza wataiona kwenye simu tu, na kamera ya simu haina huruma. Nyekundu au buluu kali huufuta uso ukabaki doa la rangi. Taa duni huleta mistari inayopita kwenye video ingawa macho hayaioni. Irekodini kwa simu dukani kabla ya kulipa. Za kumweka-mweka haraka waachieni vijana wa disko, kwa kuwa zinaweza kumletea degedege mgeni mwenye kifafa.

Usiku wa kina mama una utaratibu wake. Fundi mwanamume amalize kazi na kuondoka kabla bi harusi hajaingia, na rimoti abaki nayo shangazi mmoja aliyefundishwa vitufe vitatu tu: asali, waridi, na kuzima.

Mkipewa ukumbi jioni moja kabla, zimeni taa za darini, mkalisheni binti kwenye kiti chake amevaa nguo yoyote ya rangi ya ile ya harusi, kisha mpigieni bibi Tanga kwa video mumwulize anamwonaje.