Kuisikia Tanga ya Zamani: Flashi, Bando, CD au Santuri?

Anayetaka kuzisikia bendi zetu za zamani, Atomic Jazz au Jamhuri Jazz, leo hapa Tanga ana njia nne au tano za kutoa pesa, na moja ya bure. Ya bure ni redio. Wikendi hukosi stesheni inayopiga zilipendwa, nawe umekaa barazani na kahawa yako, hudaiwi na mtu. Shida ni kwamba hupangi wewe. Mtangazaji ndiye mpangaji, na mara nyingi mkono wake humwendea Mbaraka Mwinshehe. Sina neno na Mbaraka, alikuwa fundi wa gitaa asiye na mfano. Lakini Mbaraka ni wa Morogoro, na mimi nazungumzia watu wetu.

Maana mji huu ulikuwa na watu wake. Fedha ya mkonge, reli na bandari ilileta wafanyakazi kutoka kila pembe ya nchi, na mwisho wa mwezi walitaka pa kuchezea. Atomic Jazz na Jamhuri Jazz ziligawana mashabiki wa dansi kama timu za mpira. Katika Jamhuri ndimo walimopita ndugu wawili, Wilson Peter na George Peter Kinyonga, kabla hawajahamia Arusha, kisha Mombasa na Nairobi, na kuunda bendi ya Simba Wanyika. Kwa hiyo Mkenya anayejidai kwamba Simba Wanyika ni yao, mwambie mbegu ilipandwa Tanga. Upande wa taarabu tulikuwa na Black Star na Lucky Star, vilabu vilivyoingiza magitaa na besi ya umeme na kuifanya taarabu itikisike. Huko ndiko ilikotokea sauti ya Shakila Saidi, binti wa Pangani, aliyefariki mwaka 2016.

Sasa bei. Tuanze na flashi, maana ndiyo njia ya wengi. Flashi ya GB 8 au 16 madukani nimeikuta kati ya shilingi elfu kumi na elfu ishirini, kutegemea jina na kama ni halisi. Kujaziwa nyimbo kibandani ni bei ya kuelewana. Mimi hutoa elfu mbili hadi tano kwa fungu zima. Wimbo wa dakika nne uliobanwa kwa ubora wa kawaida hula kama MB 4, hivyo flashi ya GB 8 inabeba nyimbo kama elfu mbili. Unaichomeka kwenye sabufa sebuleni au kwenye redio ya gari, na umemaliza. Kwa bei ya wimbo mmoja mmoja, hakuna kinachoifikia.

Gharama ya flashi imejificha kwingine. Kijana wa kibandani atakuuliza, "Mzee wangu, nikuwekee zilipendwa zote?" Ukikubali, utapata folda moja iliyoandikwa MBARAKA, ndani yake Western Jazz, Nuta, Kilwa Jazz, Atomic na hata watu wa Kongo, wote wamebatizwa jina moja. Nyimbo nyingine zinaitwa "Track 07". Kwa anayetaka muziki wa kufulia nguo, haidhuru. Kwa anayemtafutia mama yake wimbo uliopigwa siku ya harusi yake, hiyo ni hasara, kwa sababu atausikiliza mara moja, autambue, kisha asiupate tena katika nyimbo elfu mbili. Tena ijulikane kwamba mwanamuziki au wajane na watoto wake hawapati hata senti katika biashara hiyo. Sheria ya hakimiliki ya 1999 tunayo na COSOTA, taasisi ya kuisimamia, ipo, lakini kibanda kipo karibu zaidi.

Na kuna jambo ambalo mnunuzi wa flashi hulijua akiwa ameshalipa: wimbo nusu. Santuri ndogo za mizunguko 45 zilikuwa na nafasi ya dakika tatu, nne hivi kwa kila upande. Wimbo wa dansi haukutosha humo. Upande wa kwanza ulibeba mashairi na kiitikio, ukageuza sahani, na upande wa pili ukawa wa magitaa na saksafoni, ile sehemu ya chemko ambayo watu walikuwa wakiisubiri ukumbini. Aliyenakili kutoka santuri kwenda kaseti, na kutoka kaseti kwenda kompyuta, mara nyingi hakujisumbua kugeuza. Matokeo yake wimbo unakatika pale ambapo miguu ndiyo kwanza inaanza kupata moto. Kabla hujatoa pesa popote, kibandani, mtandaoni au kwa mkusanyaji wa santuri, uliza kama sehemu ya pili ipo. Jibu la swali hilo litakuonyesha kama muuzaji anaijua bidhaa yake.

Swali la pili ni la toleo. Nyimbo nyingi za wakati ule zilirekodiwa mara mbili. Kuna iliyopigwa Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya kurushwa hewani, na kuna iliyokwenda Kenya kufanywa santuri. Spidi hutofautiana, mpiga solo huweza kuwa mwingine, hata maneno hubadilika kidogo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka ukafungwa hadi 1983, santuri kutoka Nairobi ziliadimika, na redio ikabaki kuwa ndiyo jukebox ya taifa. Kwa hiyo mtu aliyekuwa kijana katika miaka hiyo anakumbuka toleo la redio. Mpe la santuri atakwambia, "Huu siyo." Si kwamba amesahau. Masikio yake yako sawa kabisa, aliyekosea ni muuzaji.

Bando nalo lina hesabu yake, na hesabu hiyo si ya kutisha kama watu wanavyodhani. Muziki unaotiririshwa kwa ubora wa kilobiti 160 kwa sekunde hula MB 72 kwa saa; ukishusha ubora hadi 96, inakuwa MB 43. Tuseme umenunua GB 1 kwa shilingi 2,000, mfano wa kukokotolea tu, badilisha kwa kifurushi chako. Kusikiliza saa moja kila jioni kwa mwezi mzima kutakugharimu kama 4,300 kwa ubora wa juu, na kama 2,600 kwa ule wa chini. Rekodi zenyewe ni za zamani, nyingi za mono, na kwenye simu sidhani utasikia tofauti. Kinachowamaliza watu ni YouTube. Wanafungua wimbo wenye picha moja iliyoganda ya jalada la santuri, wanalipia video. Saa moja ya hiyo inaweza kufika MB 300, na kwa mwezi ni shilingi 18,000 za kutazama picha isiyotikisika. Shusha ubora wa video hadi wa mwisho kabisa, au tumia programu za muziki mtupu kama Boomplay na Spotify. Kupakua mara moja ndiyo nafuu zaidi: nyimbo arobaini za dakika nne hazizidi MB 200, yaani chini ya mia nne kwa mfano wetu, ingawa programu nyingi hudai ada ya mwezi ndipo zikuruhusu kupakua. Ukiacha kulipa, nyimbo zinafungwa. Zingatia hilo kama unamwandalia mtu mzima asiyejua kuhuisha ada.

Kwenye mtandao, hata hivyo, Simba Wanyika na Les Wanyika, tawi lililojitenga nayo, wanapatikana kwa urahisi kuliko Jamhuri iliyowalea ndugu Kinyonga. Biashara ya Nairobi ilihifadhi vizuri zaidi, basi.

CD ni njia ninayoitetea, japo najua nusu ya wasomaji hawana tena cha kuichezea. Wazungu wachache walifanya kazi ambayo tungepaswa kuifanya sisi. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilitoa "Nyota", mkusanyiko wa Black Star na Lucky Star. Buda Musique ya Ufaransa ina mfululizo wa Zanzibara, ambao toleo lake la tatu ni la dansi la Tanzania la miaka ya 1960, limeandaliwa na Werner Graebner. Unacholipia hapo ni kijitabu: jina la bendi lililo sahihi, picha, historia. CD mpya ya namna hii huko Ulaya ni euro kumi na kitu kabla ya posta na ushuru, kwa hiyo ikifika Tanga bei inaweza kuwa imepanda karibu maradufu. Mwenye ndugu Muscat au London amwagize aje nayo kwenye begi. Au ununue albamu kwa njia ya kidijitali, pale inapouzwa hivyo, kisha uihamishe kwenye flashi yako mwenyewe ukiwa na majina kamili. Hiyo kwangu ndiyo mizani nzuri kati ya bei na ukweli.

Santuri? Kama huna mashine, acha. Sahani yenyewe unaweza kuiokota kwa bei ya soda kwa mtu anayefagia stoo ya marehemu babu yake, au ukatajiwa bei ya dola na anayejua kwamba wakusanyaji wa nje wanazisaka. Ukienda Nairobi, vibanda vya Kenyatta Market vinajulikana kwa santuri, ila jumlisha nauli. Mzigo mkubwa ni mashine: sindano ya almasi hudumu saa mia tano hadi elfu moja, na zile za bei rahisi hufa mapema na kuikwangua sahani kabla hazijafa. Kisha kuna hewa yetu. Unyevu wa pwani huotesha ukungu kwenye majalada na mifereji, na joto la bati huipinda sahani iliyolazwa. Simamisha santuri zako wima, mbali na dirisha la kusi.

Kaseti sizipendekezi kwa ununuzi mpya. Lakini kama ipo moja nyumbani iliyorekodiwa kutoka redioni, usiirekodie juu wala usiitupe. Huenda ndiyo nakala ya toleo ambalo mama analitaka. Mpelekee mtu mwenye deki nzima aihamishie kwenye flashi, pande zote mbili, na umlipe vizuri. Andika majina ya nyimbo wakati mama bado yupo kuyataja.