Udongo Kwanza, Nyumba Baadaye

Juma hili nataka tuzungumzie nyumba inayofika kwa lori. Huko nyumbani nyumba huanza na tofali, na tofali hungoja mshahara. Hapa Maine, jimbo la misitu lililo kaskazini-mashariki ya Marekani, mtu anaweza kuagiza nyumba kiwandani ikaletwa vipande viwili, kila kimoja na lori lake, ikiwa tayari na madirisha, mabomba na makabati ya jikoni.

Mdogo wangu alinipigia simu akiwa na furaha tele. Ameona eka mbili za bei nafuu mashambani, na nyumba ameshaichagua. Ijumaa anataka kulipa arbuni. Nikamwuliza, "Maji machafu ya nyumba hiyo yatakwenda wapi?" Akanyamaza.

Sikumlaumu. Miaka iliyopita nami nililipa arbuni ya nyumba kabla ya kukipima kiwanja. Tulipochimba tulikuta mwamba chini ya inchi chache za udongo. Kiwanja hakikupata kibali, na arbuni haikurudi. Wahenga walionya kwamba usikate mbeleko mwana hajazaliwa.

Basi nimemweleza mambo kwa mpangilio wake, nanyi nawaeleza.

Jambo la kwanza ni kujua unanunua nyumba ya namna gani, kwa kuwa zipo za namna mbili. Ya kwanza hukaa juu ya fremu yake ya chuma na hufuata kanuni za serikali kuu zilizoanza kutumika tarehe 15 Juni 1976. Utaitambua kwa kibati chekundu kilichopigiliwa nje. Ya pili hufuata kanuni za ujenzi za jimbo, kama nyumba iliyojengwa na mafundi papo hapo. Kabla ya kulipa, uliza ni ipi, kwani benki na ofisi ya mji zitakuuliza hilo hilo.

La pili ni udongo. Mashambani hakuna bomba la maji taka la mji, hivyo kila nyumba huwa na karo lake, na maji yake husambazwa na kuchujwa ardhini. Mtaalamu mwenye leseni ya jimbo huchimba shimo, hutazama udongo, mwamba na alama za maji ya chini, kisha huchora mpango. Kwa mchoro huo mkaguzi wa mabomba wa mji hutoa kibali. Sheria hutaka kiwanja cha nyumba yenye karo kisipungue futi za mraba 20,000, ambazo hazifiki nusu eka. Kisima cha kunywa nacho kikae walau futi 100 mbali na eneo la kuchujia maji hayo. Maji ya kisima yapimwe pia, maana miamba ya Maine mahali pengi hutoa sumu ya aseniki, ambayo haina rangi wala harufu.

La tatu ni kujua nani mwenye mamlaka. Miji yenye watu 4,000 au zaidi inalazimika kusimamia kanuni za ujenzi za jimbo. Wengine husikia hivyo wakadhani kwamba katika mji mdogo kila mtu anajijengea apendavyo. Hilo ni kosa, kwa sababu sheria za karo zinahusu jimbo zima. Ukiwa ndani ya futi 250 kutoka ziwa kubwa, mto mkubwa au bahari, kuna masharti mengine ya ufuko. Aidha, karibu nusu ya jimbo haina serikali ya mji hata kidogo. Huko kibali huombwa kwa tume ya jimbo ya mipango ya ardhi.

La nne ni njia na msingi. Lori lenye nusu ya nyumba halipiti kila daraja wala kila kona. Na msingi usiposhuka chini ya kina ambacho udongo huganda wakati wa baridi, au usipojengwa kwa namna ya kuikinga baridi hiyo, udongo hufura na kuiinua nyumba.

Baada ya hayo yote ndipo arbuni hulipwa. Kiwanja chenyewe kinunuliwe kwa mkataba unaosema kwamba udongo ukikataa, fedha zinarudi.

Ijumaa mdogo wangu hakulipa. Amemwita mpimaji, na shimo litachimbwa juma lijalo.

Nanyi mlio nyumbani, ndugu yenu akiwapigia simu kuwaambia kuwa anajenga mashambani Marekani, msianze kumwuliza nyumba ina vyumba vingapi. Mwulizeni kwanza kama ameshachimba shimo.

Hadi juma lijalo, kwaherini.