Mashine na laptopu: msanii aliniponyoka kabla sijajua kuziunganisha

“Msee, punguza kiki kidogo, inafunika sauti yangu.”

Hilo tu ndilo msanii mmoja wa mtaa wetu aliniomba mwaka jana. Nikanyamaza kwa simu. Biti ile nilikuwa nimeigonga kwa vidole kwenye MPC One, nikairekodi hadi FL Studio kama faili moja ya stirio. Kiki, besi, kinanda, vyote vimeshikana kama ugali. Kwenye mashine yenyewe sikuwa nimesevu kitu. Stima ilipotea usiku huo na MPC One haina betri. (MPC Live inayo, lakini bei yake wacha tu.) Msanii akaenda kwa prodyuza mwingine. Kodi ya mwezi huo nikakopa kwa sista.

Wengi wetu tulianzia kwa laptopu. FL Studio, iliyozaliwa 1997 ikiitwa FruityLoops, ndiyo chuo ambacho mimi sikuacha. Ila kubofya kipanya usiku kucha kunachosha, unatamani kitu cha kugonga. Ndiyo raha ya MPC tangu ile ya kwanza, MPC60 ya 1988 iliyobuniwa na Roger Linn: padi 16 na vidole vyako. Mkono haugongi kila pigo mahali pamoja kabisa, na hapo ndipo biti hupata mwendo.

Kosa langu lilikuwa kuifanya laptopu kinasa sauti tu. Siku hizi biti nzima naunda kwenye mashine, laptopu ikiwa imezimwa, hakuna WhatsApp ya kunivuruga. Nasevu kila baada ya dakika chache. Nikiridhika, natoa kila ala kama faili yake ya WAV, nazihamisha kwa flashi. Kwenye FL naweka kasi ile ile, tuseme mapigo 96 kwa dakika, na faili zote naziweka mwanzo kabisa wa wimbo. Kurekodi sauti ya msanii na kumiksi ni kazi ya laptopu. Skrini ndogo ya mashine itakuumiza macho bure.

Kama unataka vyote vicheze kwa wakati mmoja, jua kila kifaa kina saa yake. Hata ukiandika 96 pande zote mbili, wimbo ukiendelea vinaanza kuachana. Chagua kimoja kiongoze: kinatuma ishara 24 za MIDI kwa kila pigo la muziki, na kingine kinafuata. Mimi huachia laptopu uongozi.

Halafu kuna ule ucheleweshaji unaofanya usikie padi baada ya kuigonga. Angalia bafa. Ukirekodi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 1,024 peke yake inakula kama milisekunde 23. Ya 128 inakula kama 3. Shusha ukirekodi, pandisha ukimiksi, hasa kama laptopu yako ni mzee kama yangu.

Wiki jana msanii mwingine alilalamika kuwa besi imezidi. Nikaishusha peke yake, nikamtumia wimbo kabla chai yangu haijapoa. Alilipa jioni hiyo. Sista bado ananidai elfu mbili.