Hasemi, au hujamsikiliza?

Ana miaka thelathini, ndevu zimejaa, lakini nyumbani bado anaitwa "mtoto". Mgeni akimuuliza jambo, dada mtu anajibu. Mpenzi msomaji, kama kwenu yupo ndugu mwenye ulemavu wa akili, unajua kweli anaelewa nini na anajieleza vipi? Kuna namna ya kupima.

Kwanza, lugha. Chukua Endasak, wilayani Hanang, ambako nyumba hii wanaongea Kiiraqw, ile Kidatoga, na sokoni Kiswahili. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, Kidatoga ya Kiniloti. Zote ziko mbali na Kiswahili. Mtu mzima ambaye hakukanyaga shule ukimpima kwa Kiswahili, umepima Kiswahili chake tu. Mpime kwa lugha aliyolelewa nayo.

Pili, masikio. Watu wengi waliozaliwa na sindromu ya Down, kwa mfano, husikia kwa shida. Usimwite mbishi kabla hajapimwa hospitali.

Tatu, tenganisha kuelewa na kusema. Mwambie "niletee kikombe", mikono imetulia, macho usiyaelekeze kwenye kikombe. Akileta, kaelewa neno. Akikwama, rudia huku ukionyesha kwa kidole. Akifanikiwa sasa, ujue anafuata mkono wako kuliko maneno. Wapo wanaoelewa mengi ila ulimi mzito. Wapo pia tunaodhani wanaelewa kumbe wanatusoma usoni.

Nne, jihadhari na "ndiyo". Wengi huitikia ili kukuridhisha. Uliza "unaumwa?", baadaye uliza "uko mzima?" Akiitikia ndiyo kote kuwili, bado hujapata jibu. Mpe vitu au picha achague. Huko Uskoti, Chuo Kikuu cha Stirling ndiko ilikozaliwa njia iitwayo Talking Mats: mtu anapanga picha kwenye mkeka mdogo, upande huu anachokipenda, upande ule asichokitaka, katikati asichokuwa na uhakika nacho. Nyumbani hata vitu halisi vinatosha.

Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu siku akiumwa, akidhulumiwa hela yake au akishikwa pasipo hiari yake, atamwambia nani, na kwa njia gani? Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu 2010, lakini sheria haimsaidii mtu ambaye hakuna anayemwelewa.

Wiki hii chukua daftari. Andika kila ishara yake: akigeuza uso, akikuvuta mkono, akiguna. Andika na maana yake, kisha waonyeshe wote wa nyumbani. Na mgeni akija, dada, nyamaza kidogo. Mwache ajibu mwenyewe.