Muziki wa kompyuta: wanaoanza Dallas na Houston waanzie wapi?

Katika majengo ya ghorofa ya Vickery Meadow, kaskazini mwa Dallas, na katika vitongoji vya kusini magharibi mwa Houston, Kiswahili cha Goma, Bukavu, Nairobi na Dar es Salaam husikika ngazini na kwenye maegesho ya magari. Vijana wengi wanaoishi humo hufanya kazi za zamu maghalani na hospitalini. Baadhi yao, wakirejea usiku, hufungua kompyuta ya mkononi na kujaribu kutunga muziki.

Mara nyingi huanza kwa kununua. Spika kubwa, kinanda chenye taa na kipaza sauti kilichoonekana kwenye video ya msanii mashuhuri humaliza mshahara wa wiki mbili kabla wimbo mmoja haujakamilika.

Hasara hiyo inarekebishika. Iliyo kubwa zaidi huchelewa kuonekana. Programu ya muziki huja na maamuzi yaliyokwisha kufanywa na walioiandika: mapigo yagawanywe vipi, noti ziwe ngapi, sauti ya mwimbaji inyooshwe kiasi gani. Anayeanza bila kujua maamuzi hayo yamekaa wapi hujikuta akitunga muziki wa watu wengine kwa sauti yake mwenyewe.

Sauti inavyogeuzwa namba

Kipaza sauti hugeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme, na kompyuta huupima umeme huo mara 44,100 kila sekunde. Kiwango hicho ndicho kilichotumiwa kwa CD zilipoingia sokoni mwaka 1982. Kila kipimo huandikwa kama namba. Sikio la binadamu halisikii mtikisiko unaozidi takriban mara 20,000 kwa sekunde, na ili mtikisiko unaswe ipasavyo ni lazima upimwe zaidi ya mara mbili ya kasi yake. Ndipo namba hiyo ilipotokea.

Aina ya pili ya kumbukumbu haina sauti ndani yake. Tangu mwaka 1983 vinanda vya umeme na kompyuta huwasiliana kwa utaratibu uitwao MIDI, ambao hubeba maagizo tu: noti fulani ibonyezwe sasa, kwa nguvu kiasi hiki, kisha iachwe. Ndiyo maana mpigaji anaweza kurekodi kinanda leo, na kesho akaigeuza sehemu ileile iwe zumari au udi bila kupiga upya. Mwanafunzi akishaielewa tofauti hiyo, nusu ya vitufe vilivyo kwenye skrini huacha kumtisha.

Katika hayo yote, Texas si mgeni. Ilikuwa mjini Dallas, Septemba 1958, ambako mhandisi Jack Kilby wa kampuni ya Texas Instruments alionyesha saketi nzima ya umeme iliyojengwa juu ya kipande kimoja. Kazi hiyo, iliyo mama wa kompyuta za leo, ilimpatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2000. Kampuni hiyo hiyo iliuza mwaka 1978 mwanasesere wa kufundishia tahajia, Speak & Spell, aliyetamka maneno kwa sauti ya kutengenezwa. Wanamuziki wa Ujerumani, Kraftwerk, walimtumia katika albamu yao ya mwaka 1981. Na huko Denton, kaskazini mwa Dallas, chuo kinachoitwa sasa University of North Texas kina kituo cha muziki wa kielektroniki kilichoasisiwa na mtunzi Merrill Ellis mwaka 1963.

Programu, chumba na kiyoyozi

Kuhusu programu, ushauri ni mfupi: moja, kwa mwaka mzima. GarageBand huja bure na kompyuta za Apple tangu mwaka 2004. LMMS ni ya bure kabisa. Audacity, ambayo nayo ni bure, inafaa kwa kurekodi na kukata sauti. FL Studio ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji, iliyojulikana mwanzoni kama FruityLoops, ndiyo iliyozoeleka katika studio nyingi za Afrika Mashariki. Toleo lake la majaribio huruhusu karibu kila kitu isipokuwa kufungua tena kazi iliyohifadhiwa, na toleo lake la bei ya chini kabisa kwa miaka mingi halikurekodi sauti ya mwimbaji. Mnunuzi ayajue hayo kabla ya kutoa kadi ya benki. Nakala za wizi zinazopitishwa kwa mkono hubeba virusi mara nyingi kuliko zinavyobeba baraka.

Asiye na fedha kabisa asikate tamaa. Maktaba ya Umma ya Houston ina vyumba viitwavyo TECHLink katika baadhi ya matawi yake, vyenye kompyuta na vifaa vya kurekodia kwa wenye kadi ya maktaba. Inashangaza jinsi habari hiyo isivyowafikia walengwa wake.

Chumba kina uzito kuliko kipaza sauti. Kuta tupu za nyumba ya kupanga hurudisha mwangwi, na mwangwi ukishaingia katika rekodi hautoki. Kabati la nguo lililojaa, mlango wazi na mwimbaji akiwa amezielekea nguo, ni studio nzuri kuliko sebule. Kipaza sauti cha jukwaani kama Shure SM58, kinachouzwa tangu mwaka 1966, husikia zaidi kilicho karibu nacho na kuyapuuza mengi ya mbali, hivyo kinavumilia chumba kibaya. Kinahitaji kisanduku kidogo cha kukiunganisha na kompyuta, chenye tundu moja au mawili.

Halafu kuna kiyoyozi. Mwezi Agosti mjini Houston hakuna anayethubutu kukizima, na mvumo wake hukaa chini ya kila mstari unaoimbwa. Hakuna njia ya mkato hapa. Kizimwe dakika nne, wimbo uimbwe, kiwashwe tena.

Wengi pia hulalamika kwamba sauti yao huwarudia masikioni imechelewa. Kompyuta hukusanya namba kwenye akiba ndogo kabla ya kuzitoa. Akiba ya vipimo 1,024 huchelewesha sauti kwa milisekunde 23 kwa uchache, sawa na kumsikiliza mpiga ngoma aliyesimama mita 8 kutoka ulipo. Ikipunguzwa hadi vipimo 256, ucheleweshaji hushuka hadi karibu milisekunde 6. Wakati wa kurekodi akiba iwe ndogo. Wakati wa kuchanganya sauti, ambapo kompyuta hulemewa, iongezwe.

Mapigo ya nani?

FL Studio ikifunguliwa huonyesha safu ya visanduku 16 kwa kila chombo. Ni mapigo manne, kila moja likikatwa mara nne. Mpangilio huo unaifaa rapu ya Dallas na hauikwazi Bongo Flava. Kwa chakacha ya pwani, ambayo mapigo yake huenda kwa makundi ya matatu matatu, ni kiatu kisichoingia mguuni. Kijana wa Mombasa aliyekulia Houston huigonga mezani bila taabu, kisha akiijaza visanduku 16 inakuwa kitu kingine, naye huhitimisha kwamba muziki wa nyumbani kwao “hauingii kwenye kompyuta”.

Unaingia. Kila programu ina mahali pa kubadili hesabu ya mapigo kuwa 6/8 au 12/8, na idadi ya visanduku kuwa 12. Kazi hiyo haichukui dakika mbili, lakini mafunzo mengi yaliyoko mtandaoni hayaitaji, kwa kuwa wanaoyaandaa hawaihitaji.

Hata mwendo wa wimbo ni uamuzi. Robert Earl Davis, aliyejulikana kama DJ Screw, hakutumia kompyuta alipoibadili Houston katika miaka ya 1990. Alikuwa na santuri mbili za wimbo mmoja, alizozichezesha zikipishana kidogo ili maneno yajirudie, na kinasa sauti cha kanda alichokitumia kupunguza mwendo hadi sauti za waimbaji zikawa nzito kama za watu wanaozungumza usingizini. Alifariki Novemba 2000 akiwa na umri wa miaka 29. Santuri zake zaidi ya 1,000 zinahifadhiwa leo katika maktaba ya University of Houston.

Vijana wa Dar es Salaam walikwenda upande wa pili. Singeli, inayotengenezwa katika studio kama Sisso ya Mburahati, hukimbia mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na mkusanyiko wa studio hiyo uliotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala uliifikisha hadi Ulaya. Kompyuta zilizotumika hazikuwa za kifahari. Houston ilipunguza, Dar es Salaam ikaongeza, na pande zote mbili zilikataa mwendo uliozoeleka.

Aliye na kompyuta leo ana uhuru ambao DJ Screw hakuwa nao. Kanda ikipunguzwa mwendo, sauti hushuka pamoja nayo. Programu za sasa hutenganisha mambo hayo mawili: wimbo unaweza kucheleweshwa bila sauti kuwa nzito, au sauti ikapandishwa bila mwendo kubadilika.

Kutoka visima vya mafuta hadi kwa waimbaji

Chombo kilichobadili uimbaji kuliko vyote kilitokana na utaalamu wa mafuta wa Houston. Andy Hildebrand alikuwa mtaalamu wa mawimbi ya ardhini. Alifanya kazi katika kampuni ya Exxon, kisha mwaka 1982 akashiriki kuanzisha Landmark Graphics, iliyowatengenezea watafutaji mafuta programu za kompyuta. Kazi ya fani hiyo ni kutoa mshindo juu ya ardhi, kunasa mwangwi unaorudi kutoka kwenye tabaka za miamba na kukisia kilichofichika humo. Baada ya kuiacha kampuni hiyo alisomea utunzi wa muziki katika Rice University mjini Houston.

Mwaka 1997 alitoa Auto-Tune. Hisabati yake ni jamaa ya ile ya miamba: wimbi la sauti hulinganishwa na nakala yake iliyosogezwa kidogo, hadi ijulikane linajirudia baada ya muda gani. Hapo kompyuta hujua noti iliyoimbwa, na huisukuma hadi noti halali iliyo karibu. Mwaka uliofuata Cher aliutoa wimbo “Believe” huku usukumaji huo ukiwa umewekwa kwenye kasi ya juu kabisa, na sauti ile ya kuvunjika ikaenea duniani.

Neno la kuzingatia ni “halali”. Kwa kawaida programu huhesabu noti 12 za piano. Taarabu ya Unguja, iliyorithi makamu za Kiarabu kama rasti na bayati, ina noti zinazokaa katikati ya hizo 12. Mwimbaji aliyefundwa vyema akiziimba, mashine humdhania amekosea na kumvuta juu au chini. Kinachotoka ni safi na ni kapi.

Tiba ipo. Kasi ya kusahihisha ipunguzwe ili sauti iachwe iteleze, noti zinazoleta utata zizimwe kwenye orodha, au chombo hicho kitumike kwenye mistari iliyoharibika tu. Wapo wanaoipenda sauti ya kuvunjika, na hilo ni chaguo halali mradi mwimbaji amelichagua mwenyewe.

Wimbo ni wa nani?

Hapa ndipo wengi hupoteza. Kijana hupakua mdundo mtandaoni kwa dola chache, huimba juu yake, wimbo unapendwa, kisha anagundua kwamba aliukodi tu. Mikataba mingi ya namna hiyo huweka kikomo cha mara ambazo wimbo unaweza kusikilizwa, na humruhusu mwenye mdundo kuwauzia wengine mdundo uleule. Mkataba usomwe hadi mwisho kabla ya kurekodi. Kukata kipande cha taarabu ya zamani na kukitia katika wimbo mpya pia kunahitaji idhini, hata kama aliyeimba ameshafariki.

Chini ya sheria ya Marekani, hakimiliki huanza pale kazi inaponaswa kwenye kanda au faili. Hata hivyo, mwenye kazi ya Kimarekani hawezi kumshitaki aliyeiiba kabla ya kuisajili katika Ofisi ya Hakimiliki iliyoko Washington.

Ugomvi wa kawaida zaidi haufiki Washington. Ni wa marafiki watatu waliotunga wimbo sebuleni wakicheka, bila yeyote kutaja fungu lake. Karatasi moja yenye majina, asilimia za kila mmoja, tarehe na saini huandikwa usiku uleule wimbo unapomalizika, kabla haujapelekwa popote, na kila mmoja huondoka na nakala yake. Faili la kazi lenyewe huwekwa kwenye diski ya pili, nje ya kompyuta.